Aliacha shule kidato cha pili: je, bado anaweza kufanya KCSE?

SWALI

Mwalimu, habari ya kazi. Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi Kayole. Kifungua mimba wangu alifanya KCPE, ule mtihani wa darasa la nane, 2022, akaitwa shule ya bweni huko Ukambani. Muhula wa pili wa kidato cha pili, mwaka 2024, wanafunzi waligoma, akaambiwa arudi na mzazi. Sikuwa na nauli, na deni la karo lilikuwa kubwa. Siku zikapita, hakurudi tena. Sasa ana miaka 18, ni makanga wa matatu, na kusema kweli siku nyingine unga hununuliwa na yeye. Juzi ameniambia mwenyewe kwamba anataka kumaliza shule. Kuna kituo mjini kimeniambia nikilipa sasa, atafanya KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari, Novemba hii ya 2026 kama mtahiniwa wa kibinafsi. Binamu yangu aliye Marekani anasema huko kuna shule mbadala za vijana kama yeye, na mtihani uitwao GED. Je, hapa Nairobi tuna shule za aina hiyo? Na hicho kituo nikiamini?

JIBU

Mama, salamu zimefika. Ninafundisha vijana waliowahi kuacha shule hapa Eastlands, na lililonipa moyo zaidi katika barua yako ni kwamba hamu ya kurudi imetoka kwake. Kijana aliyeletwa kwa kuvutwa na aliyejileta mwenyewe hawakai darasani kwa namna moja. Sasa tusimpoteze kwa kukosea hatua za kwanza.

Kuhusu kituo cha mjini: usilipe kwa ajili ya Novemba hii. Usajili wa KCSE hufanywa mwanzoni mwa mwaka wa mtihani, na kituo kinachopokea pesa wakati wowote kikiahidi mtihani wa mwaka uo huo kinapaswa kukueleza wazi jina la kijana litaingia wapi. Hata kama usajili ungewezekana, mtihani wenyewe ungemvunja. KCSE hutahini kazi ya miaka minne, naye amesoma mmoja na nusu. Katika kemia, hesabu za moli hufundishwa kidato cha tatu, na kemia ogania huanzia hapo hapo. Katika hisabati, kalkulasi ni ya kidato cha nne. Hayo hayajazwi kwa miezi michache na kijana anayefika darasani akiwa amechoka na barabara. Akipata E, alama ya chini kabisa, Novemba, atajiambia kwamba shule si yake, na safari hii hutamrudisha.

Mwaka wake ni 2027, na hapa kuna jambo ambalo wazazi wengi hawajalishika. KCPE ya mwisho ilifanywa 2023. Waliofanya mtihani huo waliingia kidato cha kwanza 2024, na hao ndio darasa la mwisho la mfumo wa 8-4-4, yaani miaka minane ya msingi, minne ya sekondari na minne ya chuo kikuu. Watafanya KCSE 2027. Nyuma yao wapo wanafunzi wa mtaala mpya wa umilisi (CBC), ambao waliingia gredi ya 10 Januari mwaka huu. Maana yake ni kwamba mwaka huu hakuna kidato cha pili popote nchini. Mwanao hawezi kurudi pale alipoachia, kwa sababu darasa lenyewe halipo tena. Kilichobaki ni kidato cha tatu, atakachoingia akiwa na mapengo, pamoja na wenzake watakaofunga mlango wa 8-4-4. Gredi ya 10 nayo haitamsaidia, maana waliomo wamepitia sekondari msingi kuanzia gredi ya 7 hadi ya 9 na kutahiniwa huko.

Ndiyo maana naona Novemba hii ni mapema mno, na kungoja hadi Januari ijayo ni kuchelewa. Kila muhula wa mwaka huu una kazi yake.

Sasa niguse la binamu yako, halafu turudi nyumbani. Ni kweli Marekani kuna shule hizo: madarasa madogo, ratiba inayomruhusu kijana kufanya kazi, na mshauri anayemfuatilia. GED ni mtihani wa huko wenye karatasi nne, yaani hisabati, lugha, sayansi na masomo ya jamii, na cheti chake huhesabiwa sawa na cha kumaliza sekondari kwao. Kwa mtu atakayetafuta chuo au kazi hapa Kenya, milango mingi huuliza KCSE, na cheti cha nje hulazimika kulinganishwa kwanza na cha kwetu. Pesa za GED afadhali zilipe mwalimu wa hisabati.

Nairobi tunazo shule za namna hiyo, ila hazina jina moja wala bango moja, na kazi hii hapa mjini ni ya zamani. Starehe, shule ambayo leo kila mzazi anaitamani, ilianzishwa 1959 na Geoffrey Griffin akishirikiana na Joseph Gikubu na Geoffrey Geturo, katika vibanda viwili vya mabati, ili kuwapokea wavulana wasio na makao. Mwaka 1973 Padri Arnold Grol alianzisha shirika la Undugu kwa ajili ya watoto wa mitaani. Starehe palikuwa na baraza ambapo mwanafunzi aliweza kusimama mbele ya mkurugenzi na kusema lililomkera. Nalitaja baraza hilo kwa sababu mpaka leo, nikiingia shule inayopokea vijana walioanguka njiani, kitu cha kwanza ninachokitafuta ni mtu mzima anayewasikiliza kwa ratiba, si kwa bahati.

Kwa mwanao naona njia mbili za kweli.

Ya kwanza ni shule ya kutwa ya umma hapa hapa Nairobi, kidato cha tatu. Serikali imekadiria shilingi 22,244 kwa mwaka kwa kila mwanafunzi wa sekondari ya kutwa. Mzazi bado hubaki na chakula cha mchana, sare na michango, lakini si mzigo wa bweni. Ada ya mtihani ya watahiniwa walio shuleni imekuwa ikilipwa na serikali, ilhali mtahiniwa wa kibinafsi hujilipia. Shule pia ina maabara. Mimi ningejaribu njia hii kwanza.

Kikwazo kitakuwa shule yake ya zamani. Utahitaji barua ya kuhama, na jina lake liachiliwe katika mfumo wa usajili wa wanafunzi. Huenda wakakuambia deni kwanza. Usiende kubishana, wala usiende mikono mitupu. Andika barua, ukubali deni, taja kiasi unachoweza kulipa kila mwezi, uombe ahamishwe, na ubaki na nakala iliyopigwa muhuri. Wakikataa, nakala hiyo uipeleke kwa Mkurugenzi wa Elimu wa kaunti ndogo unakoishi. Unayo sheria upande wako. Katiba ya 2010, kifungu cha 53, inampa kila mtoto haki ya elimu ya msingi, na Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inaihesabu sekondari kuwa sehemu ya elimu hiyo. Mwanao alikuwa mtoto aliporudishwa nyumbani. Kuambiwa "njoo na mzazi" si kufukuzwa, na mwalimu mkuu hana mamlaka ya kumfukuza mwanafunzi peke yake. Tena Wizara ilitoa mwongozo wa kurejea shuleni mwaka 2020. Wengi wanadhani ni wa wasichana waliojifungua tu, kumbe unawahusu pia wanafunzi walioacha kwa sababu nyingine. Utaje kwa jina ukiwa ofisini.

Njia ya pili ni elimu ya watu wazima na elimu endelevu, ile ambayo watu bado wanaiita ngumbaru wakifikiria wazee wanaojifunza kusoma. Ina madarasa ya sekondari pia, mengine ya jioni, na kwa kijana wa miaka 18 anayeona haya kukaa na wa 16 inaweza kumfaa kuliko shule ya sare. Humo humo katika njia hii naviweka vituo vya binafsi vinavyoandaa watahiniwa wa kibinafsi, pamoja na shule za mtaani za Mathare, Mukuru, Kibera na Korogocho ambazo zimefika hadi sekondari. Baadhi yake zinafanya kazi ya kusifiwa kwa pesa kidogo sana. Nyingine ni chumba na bango.

Kuzitofautisha si vigumu ukijua pa kuuliza. Kituo cha masomo na kituo cha mtihani ni vitu viwili. Mahali panaweza kufundisha bila kuwa na kibali cha kutahini, na hilo si kosa, mradi waseme mwanao atafanyia mtihani shule gani. Kila kituo cha mtihani kina namba ya Baraza la Mitihani, yenye tarakimu nane, na namba ya mtahiniwa ni hizo nane pamoja na tatu zake. Waombe namba hiyo, kisha uiulizie katika ofisi ya elimu ya kaunti ndogo au Mitihani House, South C. Mwakani akishasajiliwa, udai karatasi ya uthibitisho, ulinganishe jina na cheti cha kuzaliwa herufi kwa herufi, na usome orodha ya masomo. Nimewaona vijana waliosoma mwaka mzima wakagundua Oktoba kwamba pesa zao hazikuwahi kufika kwa Baraza. Huo ni wizi wa mwaka wa mtu.

Halafu omba kuonyeshwa maabara. Mtahiniwa wa mara ya kwanza hufanya angalau sayansi mbili, na kila moja ina karatasi ya tatu ya vitendo. Kama hakuna bureti, pipeti na mahali pa kuwashia moto, atakutana navyo kwa mara ya kwanza siku ya mtihani.

Swali ninalolipenda kuliko yote ni hili: walioanza mwaka juzi walikuwa wangapi, na wangapi kati yao waliketi kwenye mtihani? Karibu kila kituo kitakuonyesha wastani wa alama. Wastani huo ni wa waliobaki. Ukianza na vijana wengi na kuwaacha dhaifu waanguke njiani, alama zako zitapendeza mno. Shule ya nafasi ya pili hupimwa kwa wale ilioweza kuwashikilia. Mwalimu anayeijua kazi hii atakujibu bila kukasirika, atakutajia hata sababu zilizowaondoa walioondoka: mmoja alijifungua, mwingine alihamia Rongai na mamake, wa tatu alipata kazi ya mjengo. Asiyejua aliko mwanafunzi wake hatajua aliko wako. Uliza pia kijana asipofika leo, nani humpigia simu, na lini. Jibu likiwa "mwisho wa muhula", endelea kutafuta.

Sasa tuje kwenye jambo gumu, nalo liko nyumbani kwako. Makanga hushika pesa kila jioni. Ukimwambia aache zote na kukaa darasani mfuko mtupu, atavumilia wiki chache, kisha siku unga utakapokosekana atapanda gari, na huo ndio utakuwa mwisho. Hatakuwa amekosa akili wala bidii. Atakuwa amechagua kuwalisha wadogo zake. Kaeni chini, wewe na yeye, mpange hesabu: afanye kazi Jumamosi na likizo, lakini si jioni za shule, na mjue pengo la wiki litazibwa na nini. Omba basari ya CDF, mfuko wa eneo bunge lenu, na ile ya kaunti mapema. Zinataka uthibitisho wa kuandikishwa, kwa hiyo nafasi ya shule hutangulia. Mwalimu atakayempokea naye aambiwe ukweli kuhusu kazi. Wengi wetu tunaweza kusogeza ratiba ya kijana, lakini hatuwezi kusogeza ratiba ya jambo tusilolijua.

Masomo asichukue tisa. Saba yanatosha: Kiingereza, Kiswahili, hisabati, biolojia, kemia, dini au historia, na biashara. Kilimo na kompyuta vina mradi unaofuatiliwa kituoni kwa miezi, hivyo kama atakuwa wa kibinafsi aviepuke. Tangu 2023 alama ya jumla huhesabiwa kwa hisabati, lugha moja iliyofanywa vizuri zaidi, na masomo mengine matano bora. Akifanya saba tu, yote yanahesabiwa na hakuna pa kuficha somo lililoanguka. Hata hivyo, saba zilizosomwa zinashinda tisa zilizoguswa. C- humfungulia diploma katika vyuo vya kiufundi, na D humfungulia cheti. Sikwambii aelekeze macho kwenye D. Nakwambia tu kwamba mtihani huu una milango mingi kuliko ule wa C+, wa kuingia chuo kikuu, ambao kila mtu anauzungumzia.

Na kama masomo yatamshinda kabisa, NITA, mamlaka ya taifa ya mafunzo ya viwandani, hutahini ufundi kwa madaraja, kuanzia la tatu hadi la kwanza, bila kudai KCSE. Kijana aliyekaa karibu na magari huenda tayari anajua mengi kuhusu injini. Lakini hilo liwe chaguo lake baada ya kujaribu, lisiwe mahali pa kumtupa leo.

Wiki hii tafuta cheti cha kuzaliwa na matokeo yake ya KCPE. Cheti cha KCPE huchukuliwa katika shule ya msingi aliyosoma. Halafu umpe mwalimu yeyote wa hisabati aliye jirani amtahini kazi ya kidato cha kwanza na cha pili, ili mjue mapengo yako wapi, na likizo ya Aprili na ya Agosti ziende huko. Barua ya kuhama ikikwama, nitumie nakala ya ulichoiandikia shule na walichokujibu, tuiandike upya pamoja kabla hujaipeleka kwa Mkurugenzi.