Wiki za Mwisho Ugenini: Muhuri Kwanza, Sanduku Baadaye

Juzi nilikuwa mwaloni Kirumba, hapa Mwanza, nanunua dagaa, simu ikaita. Ujumbe wa sauti kutoka kwa binamu yangu aliyeko Würzburg, Ujerumani, kwa muhula mmoja. "Dada, vipindi vinaisha mwanzoni mwa Februari, usingizi sipati, nahesabu siku tu. Niwaletee nini?" Nikamjibu palepale: zawadi zisubiri, shughulikia karatasi.

Mwanza na Würzburg ni miji dada tangu 1966, na mimi nami nilisoma kule muhula wa baridi. Nilirudi na matokeo niliyoyachapa kutoka mtandaoni, hayana muhuri wala sahihi. Kule hakuna aliyeona shida. Chuoni kwangu huku niliulizwa swali moja: muhuri uko wapi? Likafuata la pili: hizi pointi 30, wanazohesabia masomo kule, ni saa ngapi za darasani? Nikaanza kuandika barua pepe. Muhula ukiisha walimu hutawanyika, na ofisi nayo ilikuwa inapokea watu saa chache tu kwa wiki. Miezi minne ilikatika. Wenzangu wanajaza fomu za mafunzo kwa vitendo, mimi nasubiri karatasi moja, na ilikuwa inaniuma kweli.

Kwa hiyo, wewe uliye bado huko, nenda mwenyewe ofisi ya wanafunzi wa kimataifa. Omba matokeo yenye muhuri na sahihi, nakala mbili. Omba na maelezo ya kila kozi: mada, saa, ulipimwaje. Kama kuna mtihani ambao haujasahihishwa, usiondoke bila kujua ni nani hasa atakutumia alama.

Dhamana ya chumba nayo ina mambo yake. Sheria ya Ujerumani inamruhusu mwenye nyumba kushika hadi kodi ya miezi mitatu, na pesa hiyo hairudi siku unayokabidhi funguo. Usifunge akaunti ya benki kabla haijaingia; mimi nilifunga, nikaifukuzia kwa mateso. Wiki moja kabla ya kuhama, kajiondoe kwenye daftari la wakazi, wenyewe wanaita Abmeldung. Kile cheti ndicho kitakachokusaidia kusimamisha ada ya redio na televisheni, yuro 18.36 kwa mwezi. Bila hivyo, bili zitaendelea kuingia kwenye nyumba usiyokaa tena.

Halafu watu. Ghorofa ya chini kwetu alikaa bibi mmoja, ndiye aliyenionyesha namna ya kurekebisha hita, baridi ilipoanza Oktoba. Nilimuaga kwenye ngazi, teksi inangoja nje. Alikuwa ameshika chupa ya jamu ya plamu aliyoipika mwenyewe, amefunga mfuniko kwa kitambaa cha miraba. Sanduku lilishagonga kilo 23, nikamwambia haitaingia. Akairudisha kifuani taratibu, akanitakia safari njema. Mpaka leo namwona pale kwenye ngazi.

Waite watu wiki mbili kabla, wakati bado una sufuria na viti. Songa ugali, kaanga dagaa waliobaki, fungua dirisha harufu itoke, mkae mzungumze mpaka mchoke.

Binamu, uwanja wa ndege wa Mwanza utanikuta. Chokoleti si lazima. Ila acha nafasi ya kilo moja kwenye sanduku, na yeyote atakayekuletea kitu mlangoni, pokea.