Kabla hujamnunulia mtoto gari la katuni, geuza boksi

Mwanangu ana miaka mitano na anawajua mbwa wote wa PAW Patrol: majina, kazi, rangi ya sare na gari la kila mmoja. Hakufundishwa na mtu. Mzazi akiona hivyo husema mtoto ana akili, na ni kweli, lakini katuni yenyewe imeundwa ili mtoto ayashike hayo. Nyuma yake ipo Spin Master, kampuni ya Kanada ya vitu vya kuchezea, na katuni ilianza kuonyeshwa 2013. Mbwa sita, magari sita. Wa polisi ana lake, wa zimamoto lake, wa ujenzi lake. Mtoto akipata mmoja, hapo hapo anaanza kuwakosa wale watano. Misimu iliyofuata mbwa wale wale wakapewa sare nyingine na magari mengine: ya baharini, ya upelelezi, ya nguvu za ajabu. Gari ulilonunua mwaka jana linaonekana la zamani, na magurudumu bado yanazunguka vizuri kabisa.

Sisemi uwapige marufuku. Kwetu wanaangaliwa, tena kwa kelele. Ninachomshauri mzazi ni ajue kwanza kipi kilitangulia, hadithi au bidhaa, maana hapo ndipo utajua mtoto ataombaje.

Hapo zamani hadithi ndiyo iliyotangulia. Mickey Mouse alitokea 1928, midoli na saa za mkono zenye sura yake zikaja miaka ya 1930. Baadaye mambo yakageuka. Magari ya Hot Wheels yaliingia madukani 1968, mwaka uliofuata yakapewa katuni yao, na kampuni pinzani ikaenda kulalamika kwa FCC, mamlaka ya mawasiliano ya Marekani, kwamba lile ni tangazo tupu. Miaka ya 1980 mamlaka hiyo hiyo ikalegeza masharti, na milango ikafunguka. Mdoli wa shujaa He-Man alikuwa dukani 1982, katuni yake ikaja 1983. Transformers nao: Hasbro, kampuni ya Marekani ya vitu vya kuchezea, walichukua roboti za Takara ya Japani, waandishi wa Marvel, wachapishaji wa vitabu vya katuni, wakazipa majina na tabia, na 1984 zikaingia kwenye runinga.

Kisa cha Optimus Prime wa Transformers ndicho kinachonifunulia biashara hii kuliko vyote. Katika filamu ya 1986 waliotengeneza walimuua kiongozi wa roboti wazuri, kwa sababu midoli ya zamani ilipaswa kupisha mipya. Watoto walilia ndani ya sinema. Malalamiko yakawa mengi hadi akarudishwa 1987. Orodha ya dukani ndiyo iliyoamua nani afe.

Siku hizi hata katuni si lazima. Mwaka 2015 wazazi wa mtoto mmoja Marekani, Ryan, walianza kumrekodi akifungua maboksi, na kufikia 2018 alikuwa na bidhaa zenye jina lake madukani. Video kama hizo ndizo ninazozizuia nyumbani. Katuni angalau ina kisa. Hizi ni mtu anararua karatasi huku bando lako likiyeyuka.

Sasa tukiwa dukani, nageuza boksi. Mbele kuna mbwa mmoja, nyuma kuna picha ndogo ndogo za wengine wote, na mtoto huzisoma kabla hata hujalipa. Kwa hiyo boksi linabaki dukani au kwenye pipa la njiani, mdoli unaingia mfukoni. Watu hunicheka, lakini maombi ya wiki hiyo hupungua.

Pia simnunulii akiomba mara ya kwanza. Namwambia tuiandike kwenye karatasi ya friji. Anachokitaja bado baada ya wiki kadhaa, hicho anakitaka. Kingine kilikuwa cha kipindi cha jana jioni.

Kuhusu vile feki vya bei nafuu vya katikati ya jiji, wala sivikwepi. Nilishapata mbwa wa zimamoto aliyepakwa rangi ya buluu, kofia ya polisi, jicho moja limekaa juu ya lingine. Mwanangu alimwangalia kidogo akasema huyu ni askari wa kaunti, akamweka kuzuia barabara pale mlangoni. Yule wa halali hajawahi kupewa kazi nje ya ile ya kwenye runinga. Mitumba nayo ina hazina: pale Toi Market, Nairobi, utakuta matofali ya plastiki yaliyochanganyika kwenye gunia, hayana boksi wala picha ya nyuma, na ndiyo yanayochezewa muda mrefu kuliko vyote kwetu. Shosho, bibi yake, akiuliza alete nini, namwambia hayo.

Ila kwa vinavyolia na kuwaka taa, kagua mfuniko wa betri palepale mbele ya muuzaji. Zile betri bapa kama kitufe mtoto akimeza zinaweza kumchoma koo ndani ya saa mbili. Mfuniko uwe na skrubu. Ukifunguka kwa ukucha, mrudishie muuzaji, hata kama mtoto ameshaanza kulia.