Taa ya oili ikiwaka, acheni kukimbilia swichi

Jana dogo mmoja hapa gereji kamwambia mteja aliyeleta gari taa ya oili inawaka, kabla hata hajainua siti kuiona injini: "Hiyo swichi tu, bosi. Nusu saa unaondoka." Alimaanisha swichi ya oili, ile inayowasha taa presha ya oili ikishuka. Mteja akafurahi, mimi nikashika kichwa. Sentensi hiyo naijua vizuri. Nilikuwa naisema mimi.

Kwa hiyo haya ni yenu, wadogo zangu mnaoshika haisi za zamani, zile za injini za dizeli za 2L, 3L na 5L ambazo zimeshapita mikono ya mafundi wengi kuliko siti zake.

1. Dipstiki kwanza. Gari iwe tambarare, zima, subiri dakika 5, futa, chovya, soma. Kisha nusa. Kiwango kikiwa kimepanda na kinanuka dizeli, oili imeshalainika na presha lazima ishuke. Kuna fundi hapa aliwahi kufungua dashibodi nzima akitafuta waya uliokatika, kumbe injini ilibaki na oili ya kujaza kikombe. Simtaji, maana ndiye anayeninunulia chai.

2. Geuza funguo bila kupiga stata: taa iwake. Isipowaka, balbu imekufa au kuna mtu kachomoa waya. Huyo mtu nitamrudia. Ikiwaka, chomoa waya kwenye swichi ya oili: taa izime. Ikikataa kuzima, waya umechunika mahali unagusa bodi, na hapo swichi haina kosa.

3. Funga geji. Toa swichi, weka geji ya mkono kwenye tundu lake, na injini iwe imechemka kweli, maana oili ya baridi ni nzito na inaficha aibu nyingi. Kwa 2L na 3L kitabu cha Toyota kinaridhika na presha ya PSI 4 tu (PSI ndicho kipimo kilichoandikwa kwenye geji) injini ikinguruma bila mguu kwenye mafuta, na kati ya 36 na 85 ukiipeleka mizunguko 3,000. Hiyo 4 huwa mnaibishia. Isomeni wenyewe. Ila ikikwama kwenye 15 huku umekanyaga, usimtafute muuza swichi.

4. Msichomoe waya mkauacha. Hapa naomba mnivumilie.

Ilikuwa haisi ya 3L, daladala ya Mbagala kwenda Kariakoo. Dereva wake alikuwa mtu mzima, mpole, wa kuniita "fundi wangu" mbele ya abiria. Akaja saa 4 asubuhi: taa inapepesa akisimama kwenye foleni, akikanyaga inazima. Nikamwambia ni swichi. Nikabadilisha swichi. Ikapepesa. Nikabadilisha tena, ya duka lingine, nikisema ile ya kwanza ilikuwa feki. Ikapepesa. Wakati huo tajiri wake anapiga simu kila robo saa kuulizia hesabu, konda amekaa kwenye tairi ananitazama, na mimi geji sina, naona haya kwenda kuazima kwa jirani ambaye wiki iliyotangulia nilimcheka. Nikachomoa waya, nikaukunja, nikaufunga tepu vizuri kabisa. Taa ikazima. Nikamwambia, "Piga kazi leo, jioni niletee nimalizie."

Jioni hakuja. Saa 9 nilipigiwa simu kwamba gari imenoki maeneo ya Mtoni. Nilifika nikakuta abiria wameshashuka wanadai nauli zao, na mzee amekaa kwenye ngazi ya mlango. Hakunitukana. Aliniuliza tu, "Mbona taa haikuwaka, fundi wangu?"

Nilikaa kimya.

Tulipoivuta na kushusha sampu, lile bakuli la oili chini ya injini, beringi za konrodi zilikuwa zimeyeyukia kwenye kranki. Nikamulika tochi kwenye chujio la pampu. Wavu ulikuwa umezibwa na silikoni ya kijivu, vipande vimeviringika kama tambi. Silikoni hiyo niliipaka mimi, siku 6 kabla, nilipoziba sampu iliyokuwa inavuja. Niliipaka kama mtu anayepaka siagi kwenye mkate wa mgeni. Ile ya nje niliifuta ikapendeza. Ya ndani ikakatika, ikashuka, pampu ikaivuta. Injini ikiwa polepole presha inaanguka, taa inapepesa, inafanya kazi iliyowekewa. Mimi nikaiziba mdomo.

Nililipa kranki na beringi kwa mafungu, miezi 8. Mzee yule alipewa gari nyingine na tajiri mwingine, na hakunirudia tena. Kile kipande kikubwa cha silikoni bado ninacho kwenye sanduku la spana, kimefungwa kwenye kitambaa. Dogo yeyote anayeanza hapa namwonyesha, anacheka, halafu kesho yake anakamua nusu tyubu kwenye sampu.

5. Silikoni: uzi mwembamba wa milimita 3, upite upande wa ndani wa matundu ya bolti, basi.

6. Swichi mpya msiizungushie tepu nyingi. Ethi yake, yaani njia ya umeme kurudi kwenye bodi, inapita kwenye nyuzi hizo hizo.

7. Taa ikichelewa kuzima asubuhi tu, sekunde chache, tazameni filta mliyofunga kabla ya kulaumu pampu. Filta ambayo vali yake haizuii oili inaiachia yote ishuke usiku.

8. Oili nzito ili taa izime ni dawa ya mtu anayeuza gari. Ukiona inashauriwa, uliza tangazo liko wapi.

Na ile ya jana? Nilimsimamisha dogo, nikaazima geji (ndiyo, bado naazima), tukaichemsha injini. Ikasoma 12 chini, 48 juu. Plagi ya swichi tulipoichomoa ilikuwa imejaa oili hadi ndani. Swichi kweli. Mteja akaondoka baada ya nusu saa, kama alivyoahidiwa.

Dogo ananiangalia tangu jana, anatabasamu. Nimempa kazi ya kuosha sampu zote.