Ghorofa Sinza: tatizo liko chini, si juu
Kaka, unataka majengo ya ghorofa tano yapigwe marufuku hapa Sinza, Dar, kwa kuwa yanaharibu mtaa. Hapo nakukatalia. Sensa ya 2022 ilitukuta Dar zaidi ya milioni 5.3, tusipopanda juu, vijana wetu watazidi kusukumwa pembezoni mwa jiji, Chanika na Chamazi, nauli na foleni ziwamalize.

Ila viwanja vya Sinza vilipimwa miaka ya 1970 kwa nyumba za familia moja moja. Nyuma ya kwangu imeota ghorofa, na mvua ikinyesha chemba inafurika, maji machafu yanafika hadi kwenye jiko la mama ntilie wa kona. Inauma sana. Kibali kitoke baada ya bomba la maji taka kuonekana kwenye ramani, na mhandisi asimame pale zege linapomwagwa. Lile jengo lililoporomoka Kariakoo, Novemba 2024, limeshatuzikisha watu.