Re: Flagyl imeisha, jiadia bado ipo

Dada, pole kwa kuuguliwa. Umeuliza kwa nini mtoto amemaliza dozi ya Flagyl na choo bado kinaonyesha jiadia, kile kimelea kidogo cha utumbo.

Metronidazoli, yaani dawa iliyomo ndani ya Flagyl, ikimezwa huwa bado si sumu kwa kimelea. Ikishaingia ndani yake, vimeng'enya vya kimelea chenyewe huipa elektroni, na hapo ndipo inapogeuka kali na kuharibu DNA na protini zake. Jiadia sugu hupunguza kazi ya vimeng'enya hivyo: dawa inaingia, ila haiwashwi. Nafundisha jambo hili kila mwaka na bado linanishangaza.

Lakini usiharakishe kusema ni usugu. Huenda kaambukizwa upya. Jiadia ikisukumwa kuelekea chini ya utumbo, nyongo na upungufu wa kolestro huwa ishara kwa seli; jeni za kujenga ganda zinaamka, na kwa siku moja hivi inakuwa kifuko kigumu kinachotoka na choo. Kundi la mtafiti Frances Gillin huko San Diego, Marekani, lilifanikiwa kuiga hatua hiyo maabara mwaka 1987. Kifuko hicho huishi kwenye maji baridi wiki hata miezi, na klorini ya kawaida hukiua kwa shida. Chemsheni maji, hata ya kupigia mswaki, na wote nyumbani mpime choo.

Tafadhali usirudie Flagyl bila ushauri. Mweleze daktari dozi aliyomaliza. Zipo dawa nyingine, kama tinidazoli, nitazoksanidi na albendazoli, naye atachagua kulingana na umri na uzito wa mtoto.