Presha ya mimba "imeisha". Je, niendelee kupima?

Mleta uzi, hongera kwa mtoto na pole kwa uliyopitia. Umesema ulipata kifafa cha mimba, ukafanyiwa upasuaji kabla ya miezi kutimia, presha ikashuka na Aldomet, ile dawa ya presha, ukaacha. Sasa mtoto anakaa mwenyewe, na mama mkwe anasema ugonjwa uliondoka na kondo la nyuma. Wachangiaji wawili hapo juu wamemuunga mkono. Mimi siwaungi. Endelea kupima.

Mwanangu wa kwanza nilimzaa presha ikiwa 170/110, miguu imejaa hadi kandambili hazipiti, mbele ya macho vimulimuli tupu. Nilichomwa ile sindano ya magnesiamu ya matakoni. Aliyewahi kuchomwa anajua mwili unavyowaka. Baada ya kujifungua presha ilirudi kawaida, ndugu wakashukuru Mungu, maisha yakaendelea. Kliniki nilikwenda kila mwezi, lakini mizani ni ya mtoto, chanjo za mtoto, kadi ya mtoto. Mimi nilikuwa mbebaji tu.

Aliyenishtua ni nesi wa uzazi wa mpango. Nilikwenda kuomba vidonge, akasema "mama, kaa kwanza nikupime." 150/95. Akanipumzisha, akarudia, ikawa ile ile. Vidonge akavirudisha kwenye droo. Akanieleza kwamba vile vya kawaida vina estrojeni, na estrojeni inaweza kupandisha presha, kwa hiyo nichague kitanzi au kijiti, kisha nimwone daktari. Na hapo sikuwa naumwa kitu! Nilitoka kugombania daladala na mtoto mgongoni, kichwa hakiumi, kizunguzungu hakuna. Ndiyo maana habari za "ningekuwa na presha ningejisikia" huwa sizisikilizi.

Mama mkwe wako ana ukweli nusu. Kondo ndilo linalochochea kifafa cha mimba, na likitoka presha hushuka, ingawa kifafa kinaweza kumpata mama hata wiki kadhaa baada ya kujifungua. Kinachobaki ni mishipa ya damu. Kwa wengine ilikuwa na udhaifu tangu mwanzo, mimba ikauanika; kwa wengine ugonjwa wenyewe unaiachia makovu. Aliyepata kifafa cha mimba ana uwezekano wa zaidi ya mara tatu wa kuja kuwa na presha ya kudumu, na takriban mara mbili wa kupata ugonjwa wa moyo au kiharusi, ukimlinganisha na ambaye hakukipata. Si lazima yakukute, ila jina lako liko kwenye orodha ya watu wa kuangaliwa.

Ulipimwa sukari wakati wa ujauzito? Hujasema. Kama ilipanda, hilo nalo lina mkia: uwezekano wa kisukari cha ukubwani huwa mara saba au zaidi. Kipimo cha kunywa glukosi hufanywa wiki ya 6 hadi 12 baada ya kujifungua, na kama ulipitwa nenda hata kesho. Baada ya hapo usipitishe miaka mitatu bila kupima tena.

Kupima kwenyewe, usiingie duka la dawa umetoka juani ukanyoosha mkono. Kojoa kwanza, kaa dakika tano kimya, mgongo umeegemea, mkono juu ya meza usawa wa moyo, pima mara mbili. Ikisoma 140/90 au zaidi siku tofauti, mwone daktari. Kunyonyesha si sababu ya kukaa bila dawa, zipo zinazomfaa anayenyonyesha.

Aliyeshauri kitunguu saumu na maji ya choya: tumia kama kiungo, si badala ya dawa. Kwangu kilichosaidia zaidi ni kupunguza chumvi. Kiasi kinachoshauriwa ni chini ya gramu 5 kwa siku, sawa na kijiko kimoja cha chai, na hapo imehesabiwa ile ya mchuzi, ya achari na ya vile vipande vya kutia ladha ya supu. Mtori na uji wa mzazi ni mzuri, lakini ile mirundo ya siagi na sukari tunayoendelea nayo mwaka mzima baada ya arobaini ndiyo inayotuachia kiuno. Chukua futi ya fundi cherehani ujipime usawa wa kitovu. Mwanamke akivuka sentimita 80 aanze kujiangalia.

Ukitaka mtoto mwingine, nenda kwa daktari kabla ya kushika mimba, umweleze yote. Baadhi ya dawa za presha hazifai kwa mjamzito, zitabadilishwa. Na muulize kuhusu aspirini ya dozi ndogo, ambayo huanzwa mapema, kabla ya wiki ya 16, kupunguza uwezekano wa kifafa kurudi. Mimi nilipewa kwa huyu wa pili, na presha ilitulia hadi karibu na kujifungua. Usijinunulie mwenyewe dukani, dozi anapanga daktari.