Maswali Yenu Kuhusu Ligi za Besiboli za Kompyuta

Barua za safari hii zimetoka kwa watu wa aina mbili: walioingia kwenye ligi na mambo yakawaendea kombo, na wanaotamani kuanzisha ya kwao. Nimeyafupisha maswali, lakini sikubadili maana.

Rafiki yangu anacheza ligi ya mtandaoni inayohesabu pointi kutokana na mechi halisi za Marekani. Wewe unasema "ligi ya kompyuta". Si kitu kile kile?

Si kile kile. Anachocheza rafiki yako ni mchezo ulioenea baada ya mwandishi Daniel Okrent na wenzake kuuanzisha New York mwaka 1980: unachagua wachezaji halisi, kisha unangoja wanachofanya uwanjani msimu huo huo. Akipiga vizuri unapata pointi, akiumia umeumia naye. Huna neno lolote katika mechi yenyewe.

Katika ligi ya kompyuta, mechi inachezwa ndani ya programu. Kila mpigaji na kila mrushaji (yule anayemrushia mpigaji mpira) ana viwango vyake, na programu inawakutanisha mmoja mmoja hadi awamu tisa za mechi ziishe. Wachezaji wanaweza kuwa wa msimu uliopita, wa mwaka 1927, au wa kubuni kabisa, wanaoingia ligini wakiwa chipukizi, wakakomaa, wakazeeka na kustaafu mbele ya macho yako. Wewe ndiye unayepanga nani apige wa kwanza, mrushaji aliyechoka atolewe lini, kijana apandishwe sasa au aachwe mwaka mmoja zaidi. Rafiki yako anabashiri, wewe unaongoza timu.

Je, haya yalianza na kompyuta?

Yalianza na karatasi na dadu. J. Richard Seitz alianza kuuza mchezo wake wa APBA mwaka 1951 huko Lancaster, Pennsylvania, na miaka kumi baadaye Hal Richman akatoa Strat-O-Matic. Katika mchezo wa Richman unarusha dadu tatu. Moja inaamua usome kadi ya nani: ikitoka 1 hadi 3 unasoma ya mpigaji, 4 hadi 6 ya mrushaji. Mbili zilizobaki unazijumlisha, na jumla yake inakuonyesha kilichotokea. Kwa hiyo nusu ya matukio yanatoka kwa mpigaji na nusu kwa mrushaji. Wazo hilo ni rahisi, lakini hadi leo nikitaka kumweleza mtu jinsi programu inavyofikiri, naanza na zile dadu tatu.

Mwaka huo huo wa 1961, John Burgeson wa IBM aliandika programu ya besiboli kwenye kompyuta aina ya IBM 1620. Mashine, basi, haikuchelewa sana. Kilichochelewa ni intaneti, ambayo ndiyo iliyowezesha watu ishirini wasiowahi kuonana kugombea kombe moja.

Timu yangu ilifunga mikimbio (pointi za besiboli) 750 na kufungwa 700, lakini ilishinda mechi 79 tu kati ya 162. Timu bora ya ligi nayo imetolewa raundi ya kwanza ya mtoano. Nahisi programu inapendelea. Nimekosea?

Nakuelewa, na swali lako ndilo ninalopenda kuliko yote katika barua hizi, kwa hiyo nitakaa hapa kidogo.

Anza na hesabu ya Bill James, mtaalamu wa takwimu za besiboli. Chukua mikimbio uliyofunga, izidishe kwa yenyewe. Fanya hivyo hivyo kwa uliyofungwa. Kisha gawanya ya kwanza kwa jumla ya zote mbili. Kwako inatoka takriban 0.534, yaani ushindi kama 87 katika mechi 162. Umepungukiwa na nane. Hilo linauma, lakini linatokea. Mwaka 2021 Seattle Mariners walifunga mikimbio 697 na kufungwa 748. Kwa hesabu hiyo hiyo walistahili ushindi kama 75. Walishinda 90, na wao walikuwa watu wa nyama na damu.

Sasa fikiria timu ya wastani kabisa, ambayo kila mechi nafasi yake ni nusu kwa nusu. Ukiichezesha misimu mingi ya mechi 162, haitashinda 81 kila mara. Takriban misimu miwili kati ya kila mitatu itaangukia kati ya ushindi 75 na 87, na misimu iliyobaki itatoka nje ya hapo. Ina maana timu moja, isiyobadilika hata mchezaji mmoja, mwaka huu inaweza kuonekana dhaifu na mwaka ujao ikagombea mtoano. Meneja wake atatafuta sababu, atamfukuza kocha, atauza mpigaji mzuri. Hakukuwa na sababu.

Mtoano ni mkali zaidi. Timu yenye nafasi ya asilimia 55 katika kila mechi hushinda mfululizo wa mechi saba kwa takriban asilimia 61 tu. Chicago Cubs wa 1906 walishinda mechi 116 na kupoteza 36, kisha wakapigwa na jirani zao White Sox kwenye fainali. Mariners wa 2001 nao walishinda 116 na hawakufika fainali. Programu ambayo timu bora inabeba kombe kila mwaka ndiyo ningeitilia shaka.

Kitu kimoja, hata hivyo, kikague kabla ya kufunga shauri: mechi ulizopoteza kwa mkimbio mmoja. Zikiwa nyingi mno, fungua mipangilio yako ya warushaji wa akiba. Mara nyingi nimekuta meneja ameacha mrushaji wake hodari alindwe kwa awamu ya tisa tu, huku mechi zikipotea awamu ya saba mikononi mwa mrushaji dhaifu. Hiyo si bahati mbaya, na ni kitu cha kurekebisha leo.

Nataka kuanzisha ligi yangu. Nianzie wapi? Timu ngapi?

Anza na siku za kuendesha mechi, kabla ya kitu kingine chochote. Chagua siku ambazo una hakika utakuwa mbele ya kompyuta, zitangaze, na usizivunje. Ligi haifi kwa kukosa programu nzuri. Inakufa mechi zinapoahirishwa mara ya kwanza bila maelezo, kisha ya pili, na watu wanapoacha kufungua ripoti kwa sababu hawajui kama kuna ripoti. Mara mbili kwa wiki, saa ile ile, ni bora kuliko ahadi ya kila siku inayokushinda mwezi wa pili.

Idadi: timu 12 zinatosha kabisa kwa mwanzo. Najua kila mtu anatamani 30 kama ligi kuu ya Marekani, lakini timu 30 zinahitaji mameneja 30 wanaojibu ujumbe, na kuwapata wote ni kazi ya miaka. Ligi ya watu kumi na wawili wanaobishana kila wiki ina uhai kuliko ya thelathini ambapo nusu ya timu zinaongozwa na kompyuta. Ongezeni mnapokuwa na watu wanaosubiri mlangoni.

Sheria ziandike kabla ya kuchagua wachezaji, na ziwe fupi. Kikosi ni watu wangapi, mabadilishano ya wachezaji kati ya timu yanafungwa lini, kuna kikomo cha mishahara au hakuna, meneja akinyamaza kwa siku ngapi timu yake inachukuliwa. Sheria inayotungwa baada ya ugomvi huonekana imetungwa dhidi ya mtu, hata kama ni ya haki.

Na faili la ligi liwe na nakala mahali pawili, na mtu wa pili anayejua kuliendesha. Nasema hili kwa uchungu. Nilipokuwa kamishna, yaani msimamizi wa ligi, kwa mara ya kwanza nilitunza kila kitu kwenye kompyuta moja. Ilipoharibika tulipoteza mwezi mzima wa msimu, pamoja na mechi moja ambayo mrushaji wa meneja mmoja aliimaliza bila kuruhusu pigo salama (linalomfikisha mpigaji kwenye besi) hata moja. Tuliucheza mwezi ule upya. Mechi ile haikurudi, wala meneja yule.

Mkongwe wa ligi yetu amemshawishi mgeni ampe chipukizi wake bora kwa wazee wawili wanaokaribia kustaafu. Kamishna anasema "kila mtu na timu yake". Sawa?

Si sawa, na nitasema bila kuzunguka: mkongwe huyo amejenga timu yake kwa kuibomoa ligi. Akiamka mgeni miezi miwili baadaye na kuona alichofanyiwa, ataondoka, na timu yake itabaki maganda ambayo hakuna anayetaka kuyachukua.

Kamishna ana mamlaka ya kuzuia, na katika besiboli halisi mfano upo. Mwaka 1976 Charlie Finley, mmiliki wa timu ya Oakland, aliwauza nyota wake watatu: Vida Blue kwa Yankees kwa dola milioni 1.5, Joe Rudi na Rollie Fingers kwa Red Sox kwa milioni moja kila mmoja. Kamishna Bowie Kuhn alifuta mauzo yote kwa manufaa ya mchezo. Finley alimshtaki, akashindwa.

Lakini Kuhn alifanya hivyo mara chache, na hapo ndipo penye busara. Kamishna anayefuta kila mabadilishano asiyoyapenda anageuka meneja wa timu zote. Mimi hutumia njia hii: mgeni, kwa siku zake 30 za kwanza, kila mabadilishano yake yanapitiwa na mameneja watatu wasiohusika kabla ya kukamilika. Swali wanalojibu si "nani kafaidika?" Wanajiuliza kama kuna sababu yoyote ya kibesiboli ya upande ule kukubali. Ikiwepo, yapite, hata kama wao wasingekubali. Baada ya siku hizo 30, mgeni ni mtu mzima kama wengine.

Kwenye uteuzi, timu zinapochagua wachezaji kwa zamu, nichague warushaji kwa namba gani? Mimi huangalia wastani wa mikimbio wanayoruhusu.

Wastani huo unachanganya kazi ya mrushaji, kazi ya walinzi nyuma yake, na bahati. Angalia kwanza vitu vitatu asivyosaidiwa na mtu: wapigaji anaowatoa kwa straiki tatu (mipira mizuri waliyoikosa au kuiacha), wale anaowapa besi ya bure kwa kurusha mipira minne mibovu, na mipira inayopigwa ikavuka uzio. Mwaka 2001 Voros McCracken, mchambuzi wa takwimu za besiboli, alieleza kwamba mpira ukishapigwa na kubaki uwanjani, warushaji wana uwezo mdogo sana kuliko tulivyodhani wa kuamua kama utadakwa au la. Wengi walimkatalia. Tazama mrushaji Pedro Martínez: mwaka 1999 takriban asilimia 32 ya mipira kama hiyo iligeuka mapigo salama dhidi yake, na mwaka 2000 takriban 24. Hakuwa mtu tofauti. Alikuwa mkubwa miaka yote miwili kwa sababu aliwatoa wapigaji kwa straiki na hakugawa besi za bure.

Ukichagua wachezaji halisi, angalia pia uwanja. Mji wa Denver, Marekani, uko juu sana, hewa yake ni nyepesi na mpira unasafiri. Mrushaji wa huko mwenye namba mbaya anaweza kuwa dhahabu katika uwanja wako, ikiwa programu yenu inazingatia viwanja.

Kamishna anaruhusiwa kuwa na timu?

Katika ligi ndogo hana budi, la sivyo nani atakubali kazi hiyo? Bud Selig alikuwa mmiliki wa Milwaukee Brewers alipokaimu ukamishna mwaka 1992, na aliiachia timu usimamizi mwingine alipothibitishwa mwaka 1998. Nyinyi hamhitaji kwenda mbali hivyo. Mpeni msaidizi uamuzi wowote unaohusu timu ya kamishna, na faili la kila mechi lionekane na wote.

Niko mkiani. Mwenzangu ananishauri nipoteze kwa makusudi ili nipate chaguo la kwanza msimu ujao. Au niache kabisa?

Usifanye la kwanza. Ukipanga kikosi dhaifu mwezi wa mwisho, unawagawia ushindi wa bure wapinzani wako wa mwisho katika ratiba na kuwanyima wale waliokutana nawe mapema. Unaharibu mbio ambazo humo. Ligi kuu ya Marekani ilianza bahati nasibu ya uteuzi Desemba 2022 kwa sababu hiyo hiyo: timu tatu za mwisho sasa zina nafasi sawa, asilimia 16.5 kila moja, ya kupata chaguo la kwanza. Pendekezeni hilo kwenye ligi yenu.

Kuhusu kuacha: kuna kazi nzuri sana mkiani. Wape vijana nafasi ya kupiga kila siku, si kwa kupoteza bali kwa kujua nani anafaa. Wauze wenye umri wa miaka 31 kabla soko halijafungwa. Na kama kweli moyo umetoka, mwambie kamishna sasa, msimu ukiwa bado unaendelea, na mwachie mrithi wako maelezo ya mishahara na majeruhi. Meneja anayeaga vizuri huwa tunamwekea nafasi.